UZI: Umechanjwa na bado umezuiwa kupanda ndege? Sheria za kuingia nchi za watu wakati wa mlipuko, kwa sisi tunaoanzia safari Mwanza

Mwana wa Kirumba (mleta mada)

Wakuu, mwangaluka.

Nafanya kazi ya kukata tiketi za ndege hapa mjini. Nilikuwa kwenye kazi hii corona ilipoingia, na nipo bado. Kila ugonjwa mpya unapotangazwa simu huanza upya: mfanyabiashara wa mabondo (vibofu vya samaki) anayekwenda China, mzazi ambaye mtoto wake kapata chuo nje, wazee wa Umra. Wote huuliza kwa namna moja: "Nimeshachanja, kuna kingine?" Kingine kipo, na ndicho kinachowarudisha watu kutoka uwanja wa ndege na mabegi yao. Nimeshuhudia mtu mzima akilia pale Dar, tiketi imeungua na chuo kimefungua. Inaniuma kwa sababu mara nyingi lingezuilika, hivyo naandika kirefu.

Jambo lenyewe ni hili. Aliyekuchanja hana mamlaka ya kusema kama cheti chako kitakubalika unakokwenda. Nesi wa hospitali zetu za Sekou Toure au Bugando anakupa kinga na anakupa karatasi ya kweli. Anayeamua kama karatasi hiyo inatosha ni nchi utakayoshukia, kwa orodha yake, kwa hesabu yake ya tarehe na kwa njia uliyopita kufika kwake. Kwa hiyo ulizia kwanza mwisho wa safari, halafu rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ufike Mwanza.

Anayekukagua kwanza si uhamiaji

Wengi hujiandaa kwa ajili ya afisa wa London au Dubai. Kabla hujamfikia huyo, yupo wa kaunta ya shirika la ndege, na wakati wa mlipuko ndiye mkali kuliko wote. Ana sababu. Shirika likimpeleka abiria asiyetimiza masharti humrudisha kwa gharama zake, na nchi nyingi hulitoza faini juu. Wa kaunta habahatishi: anafungua mfumo wa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, uitwao Timatic, anaingiza uraia wako, unakotoka, unakopita na unakokwenda, mfumo unamjibu. Tangazo ulilotumiwa WhatsApp halimsaidii hata kama anakuonea huruma.

Mwombe wakala wako akusomee kilichoandikwa humo kwa safari nzima. Wengi huuliza nchi ya mwisho tu, wakasahau pale wanapobadilisha ndege.

Chanjo ipi, na lini

Tukumbuke yetu. Shehena ya kwanza ya chanjo za corona iliingia nchini tarehe 24 Julai 2021, dozi 1,058,400 za Janssen, zilizotolewa na Marekani kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo. Rais Samia alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai. Baadaye zikaja Sinopharm ya China, Pfizer na Moderna. Mtu wa Mwanza aliyechoma Janssen dozi moja alihesabiwa amekamilisha, na Marekani ilipofungua tarehe 8 Novemba 2021 kwa wageni waliochanjwa ilimpokea. Kigezo chao kilikuwa chanjo iliyoidhinishwa na mamlaka yao ya dawa au iliyo kwenye orodha ya dharura ya Shirika la Afya Duniani, WHO. Sinopharm ilikuwa humo tangu Mei 2021. Sputnik V haikuwamo, na aliyechanjwa hiyo alihesabiwa hajachanjwa, hata kama damu yake ilikuwa na kinga tele.

Saudia, ilipofungua Umra kwa watu wa nje Agosti 2021, ilikubali Janssen, Pfizer, Moderna na AstraZeneca. Wa Sinopharm alitakiwa kuongeza dozi ya mojawapo ya hizo nne. Mume Janssen, mke Sinopharm, wamechanjwa kihalali wote wawili, na mmoja tu ndiye anayesafiri.

Ulaya nako kulikuwa na lililoniudhi mpaka leo. AstraZeneca iliyotengenezwa India kwa jina la Covishield ilikuwa kwenye orodha ya WHO tangu Februari 2021, na ndiyo iliyogawiwa Afrika kwa wingi kupitia COVAX. Cheti cha kidijitali cha Umoja wa Ulaya kilipoanza tarehe 1 Julai 2021, chanjo hiyo haikuwa kwenye orodha ya wakala wao wa dawa. Umoja wa Afrika ulilalamika hadharani, na ilibidi nchi moja moja ziamue zenyewe kuikubali. Kukataliwa kwa cheti hakuna maana kwamba ulichomwa maji. Watu waliacha hata dozi ya pili kwa kuamini hivyo, na hilo lilikuwa hatari kwao kuliko safari yenyewe.

Tarehe ndizo zinazoangusha watu wengi

Karibu kila nchi ilidai siku 14 zipite baada ya dozi ya mwisho. Uingereza iliandika wazi kwamba siku ya sindano haihesabiwi. Ukichomwa Jumatatu tarehe 1, siku ya kwanza ni tarehe 2 na ya kumi na nne ni tarehe 15, basi mtu wa ndege ya tarehe 14 anabaki. Nimeshakutana na waliokosa kwa siku moja kama hivyo.

Upo pia ukomo wa mbele. Kuanzia tarehe 1 Februari 2022 Umoja wa Ulaya ulihesabu dozi za awali kuwa hai kwa siku 270 tu, baada ya hapo unahitaji dozi ya nyongeza. Cheti ulichosafiria mara ya kwanza kinaweza kukukwamisha mara ya pili.

Vipimo navyo vina hesabu zake. Kipimo cha ndani ya saa 72 kabla ya safari, saa hizo zinaanzia wapi: sampuli ilipochukuliwa puani, au majibu yalipotoka? Nchi zilitofautiana. Kwetu huku Kanda ya Ziwa hilo lilikuwa na uzito, maana mwanzoni upimaji ulikuwa Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii, Dar es Salaam. Mtu wa Dar na mtu wa Sengerema wamepewa saa zilezile 72, lakini wa Sengerema alikuwa anavuka maji, analala mjini, na saa zinaenda. Marekani ndiyo ilibana zaidi: tarehe 6 Desemba 2021 ilishusha muda wa kipimo kutoka siku tatu hadi siku moja. Ilihesabu siku za kalenda, si saa, na aliyeelewa tofauti hiyo alipata nafasi ya kupumua.

Ulikopita kuna uzito kuliko pasi yako

Hili naomba mlisome polepole. Sheria nyingi za mlipuko hazikuuliza wewe ni raia wa wapi, ziliuliza umekuwa wapi siku kadhaa zilizopita. Uingereza ilikuwa na orodha nyekundu ya nchi ilizozihesabu hatari. Tanzania iliwekwa kwenye katazo lao Januari 2021 na ikatolewa Oktoba mwaka huohuo. Mwenye haki ya kuingia kule lakini amekuwa nchi ya orodha hiyo ndani ya siku 10 alilazwa hotelini siku 10 kwa gharama zake, pauni 1,750 kwa mtu mzima mmoja, na Agosti 2021 ikapanda hadi pauni 2,285.

Sasa mtu wa Mwanza ana njia kadhaa. Anaweza kuruka hapa kwenda Dar, au kupanda basi kupitia mpaka wa Sirari hadi Nairobi, au kuzunguka Bukoba na mpaka wa Mutukula akapandie Entebbe, Uganda. Wakati wa kawaida tunachagua bei. Wakati wa mlipuko kila njia ina historia yake kwenye pasi, na muhuri wa Mutukula unaonekana kwa afisa wa mbali kabisa. Kumbukeni Agosti 2020, Kenya ilipoiacha Tanzania nje ya orodha ya nchi ambazo wasafiri wake waliruhusiwa kuingia bila karantini, sisi tukazuia ndege za Kenya, na mgogoro ukaisha katikati ya Septemba. Aliyekuwa na tiketi ya kuunganishia Nairobi alibaki anaishika tu.

Au tarehe 25 Desemba 2021: Falme za Kiarabu zilizuia abiria wanaotoka Tanzania, Kenya, Ethiopia na Nigeria, mpaka mwisho wa Januari. Wafanyabiashara wa Dubai walikuwa na chanjo, viza na kipimo, na havikuwafaa kitu. Ndiyo maana wakati kama huo nawasihi wateja walipie tiketi inayobadilishika tarehe hata kama ni ghali.

Jina

Andika jina kwenye cheti kama lilivyo kwenye pasi, herufi kwa herufi, na tarehe kamili ya kuzaliwa. Uingereza na India zilivutana mwaka 2021, na moja ya hoja ilikuwa kwamba cheti cha India hakikuonyesha tarehe kamili. Huku kwetu mtu ana jina la ubatizo kwenye kadi ya kliniki, la ukoo kwenye kitambulisho, na yote mawili kwenye pasi. Nenda kuchanjwa na pasi mkononi.

Kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, nitaieleza mtu akiuliza, uzi umeshakuwa mrefu. Karibuni.

---

Mama Nyakahoja

Shikamoo kwa wakubwa, na asante sana mwanangu kwa bandiko hili. Mimi ni mzazi. Mwanangu amepata nafasi ya masomo nje. Corona si imeisha? Hayo masharti bado yapo au unatueleza historia?

Mwana wa Kirumba

Marahaba ziwafikie watoto, mama, na wewe shikamoo.

Masharti ya corona yameondolewa karibu kote. Uingereza ilifuta yote tarehe 18 Machi 2022. Marekani iliacha kudai kipimo tarehe 12 Juni 2022, na sharti la chanjo kwa wageni wa ndege likaisha Mei 2023. China ilifungua bila karantini tarehe 8 Januari 2023. WHO ilitangaza mwisho wa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023. Nimetumia mifano ya corona kwa sababu ndipo tulipoona mitambo yote ikifanya kazi kwa wakati mmoja, na ugonjwa mwingine ukija itawashwa ileile.

Kwa mwanao kuna la ziada: chuo. Vyuo vingi vya nje hudai kinga zao kabla ya kumpa mwanafunzi chumba, hasa surua na homa ya uti wa mgongo, na madai hayo hayamo kwenye viza. Soma barua ya chuo sehemu ya afya. Na kadi yake ya kliniki ya utotoni itafute sasa, mama, usingoje wiki ya safari.

Mzee wa Bwiru

Kijana, nimekusoma vizuri. Mimi nilichanja Janssen mwaka ule 2021. Baadaye tukasikia Marekani wenyewe wameiwekea mipaka. Sasa mtu mwenye umri wangu aamini nini? Na je, cheti changu kilikufa siku hiyo?

Mwana wa Kirumba

Shikamoo mzee wangu. Ulichosikia ni kweli. Mei 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliibana Janssen kwa sababu ya tatizo nadra la damu kuganda pamoja na kupungua kwa chembe sahani (zile zinazogandisha damu), ikaielekeza kwa watu ambao hawawezi au hawataki chanjo nyingine. Lakini kwa mpakani cheti chako kiliendelea kuhesabika mpaka sharti lenyewe lilipofutwa. Orodha ya chanjo za kusafiria na ushauri wa daktari kuhusu chanjo ipi ikufae wewe ni mambo mawili, yanaamuliwa na watu tofauti. Kuhusu mwili wako, mzee, muulize daktari anayejua presha yako na dawa unazotumia. Mimi wa tiketi nisikudanganye hapo.

Nesi wa Ilemela

Naunga mkono hapo. Tatizo hilo la damu kwa kawaida lilijitokeza ndani ya wiki chache baada ya sindano, kwa hiyo mzee aliyechanja 2021 asikae na hofu leo.

Naomba niieleze mimi kadi ya njano maana ndiyo kazi yangu. Homa ya manjano ndiyo ugonjwa pekee uliotajwa kwa jina kwenye Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 ambao nchi inaweza kudai cheti chake cha chanjo kwa msafiri. Chanjo ni sindano moja. Cheti kinaanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya kuchomwa, na tangu tarehe 11 Julai 2016 kinadumu maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Kama kuna anayekwambia uchome tena kwa sababu kadi imepita miaka 10, mwonyeshe kanuni.

Uganda inadai kadi hiyo kwa kila anayeingia, kuanzia mtoto wa mwaka mmoja. Sisi wenyewe Tanzania tunaidai kwa anayetoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya na Uganda zimo, hata kwa aliyekaa uwanja wa ndege wa nchi hizo zaidi ya saa 12 akisubiri kuunganisha. Wengi wanaopitia Entebbe au Nairobi hawalijui hilo mpaka wakati wa kurudi nyumbani.

Si kila mtu anachomwa. Ni chanjo yenye kirusi hai kilichodhoofishwa. Mtoto chini ya miezi sita hachomwi kabisa. Mwenye mzio mkali wa mayai na mwenye kinga iliyoshuka sana aseme mapema. Mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye miaka 60 na kuendelea apimwe faida na hatari na daktari kwanza. Ambaye hawezi kuchomwa hupewa cheti cha msamaha wa kitabibu chenye sahihi na muhuri, ila nchi unayokwenda inaweza bado kukuweka chini ya uangalizi. Kama unahitaji pia chanjo ya surua, ambayo nayo ni hai, kwa kawaida zinatolewa siku moja au zinapishana wiki nne. Hapo tarehe za safari zinaharibika kwa wanafunzi wengi.

Kadi ichukuliwe kituo kinachotambuliwa cha afya mipakani, si kwa mtu wa pembeni anayegonga muhuri bila sindano. Nawaambia kwa moyo wote: homa ya manjano haina dawa ya kuiua. Anayenunua kadi bila chanjo ameuziwa hatari yake mwenyewe.

Mwana wa Kirumba

Dada nesi, asante sana. Hilo la saa 12 wakuu mlizingatie mnaponunua tiketi ya bei ndogo yenye kulala uwanjani.

Hajat wa Mabatini

Assalaam alaykum. Sisi wa Umra mwaka huu tunaambiwa sindano ya uti wa mgongo. Mwenzangu alichoma alipokwenda zamani. Achome tena?

Nesi wa Ilemela

Waalaykum salaam Hajat. Saudia inadai chanjo ya homa ya uti wa mgongo ya aina nne, ACWY, iwe imechomwa si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Zipo za namna mbili: moja inakubaliwa kwa miaka mitatu, nyingine mitano. Ni lazima cheti kionyeshe ni ipi. Kisipoonyesha huhesabiwa ile ya miaka mitatu. Mwenzako aangalie cheti chake, kama muda umepita achome tena. Na asichukulie kama urasimu tu: mahujaji waliwahi kuugua na kurudi na ugonjwa huo nchi nyingi mwaka 2000, ndipo Saudia wakadai ya aina nne.

Mwana wa Kirumba

Niongeze kwa Hajat kwamba Saudia hubadilisha kwa msimu. Hija ya 2020 iliendeshwa na watu wachache waliokuwa tayari ndani ya nchi. Ya 2021 ilikuwa watu 60,000, hao pia wa ndani. Mwaka 2022 walifika hadi milioni moja, wote waliochanjwa na walio chini ya miaka 65, na wazee wengi waliokuwa wameweka akiba miaka na miaka wakabaki. Mwaka 2023 ukomo wa umri ukaondolewa. Sharti la mwaka jana lisikutoshe.

Mabondo Igombe

Mkuu mleta mada, mimi ni wa mabondo. Kipindi kile nilikaa bila kuvuka kwenda China muda mrefu, mzigo unapitia kwa watu na faida inaliwa. Nauliza: hivi kuchanja Sinopharm kuna waliosaidika?

Mwana wa Kirumba

Mkuu pole. China iliwafungia wageni karibu wote tarehe 28 Machi 2020, hata wenye viza hai. Machi 2021 balozi zao nyingi zilitangaza kurahisisha viza kwa waliochanjwa chanjo za Kichina, kwa hiyo ndiyo, kuna waliosaidika kupata viza. Lakini viza haikuondoa karantini ya wiki mbili au tatu hotelini, wala vipimo viwili walivyodai kuanzia Novemba 2020, PCR (cha kutafuta kirusi chenyewe) na cha damu cha kutafuta kingamwili, ndani ya saa 48 kabla ya kupanda. Wanafunzi wa udaktari wa China ndio walioteseka zaidi. Walisoma anatomia kwa simu, bando likiisha somo limeisha.

Ushauri wangu kwa wa mabondo: kabla ya kuchagua chanjo, kama una nafasi ya kuchagua, tazama masoko yako yote. Anayekwenda China na Dubai pia, aulize zote mbili.

Dereva wa Mutukula

Sisi wa malori tumesahaulika. Juzi Ebola Uganda, juzi tena Marburg Kagera. Kila mara tunapigwa kipimajoto, tunajazishwa fomu. Kuna chanjo tuchome tuachwe?

Nesi wa Ilemela

Kaka, kwa Marburg hakuna chanjo iliyoidhinishwa. Mlipuko wa Bukoba uliotangazwa Machi 2023 uliua watu 6 kati ya 9, na wa Biharamulo wa Januari 2025 waliohesabiwa wote 10 walifariki. Kwa Ebola chanjo iliyoidhinishwa ni ya aina ya Zaire. Milipuko ya Uganda ya Septemba 2022 na Januari 2025 ilikuwa ya aina ya Sudan, ambayo chanjo hiyo haiikingi. Kwa hiyo hakuna cheti cha kuonyesha. Kinachotumika ni siku 21, muda mrefu zaidi ambao mtu aliyeambukizwa anaweza kukaa kabla ya dalili. Joto na fomu ndiyo kinga yenu na ya familia zenu, tafadhali jazeni ukweli, pamoja na kama mlihudhuria msiba au kumhudumia mgonjwa.

Mwana wa Kirumba

Na hizo siku 21 zinamfuata mtu hadi mbali. Oktoba 2022 Marekani ilielekeza abiria waliokuwa Uganda ndani ya siku 21 washukie viwanja vitano tu vya ndege ili wakaguliwe. Mtu wa Mwanza aliyepandia Entebbe alikuwa mmoja wao, hata kama Uganda ilikuwa njia tu.

Kijana wa Pasiansi

Mnafafanua vizuri lakini hakuna anayesema ukweli kwamba hizi sheria ni uonevu kwa Mwafrika. Chanjo wanazo wao, wanachelewa kutupa, halafu wanatufungia kwa kuwa hatujachanjwa.

Mwana wa Kirumba

Mdogo wangu, nakubaliana na wewe kwa sehemu kubwa. WHO yenyewe tangu Januari 2021 ilizishauri nchi zisifanye cheti cha chanjo ya corona kuwa sharti la kuingia, kwa sababu chanjo zilikuwa hazijagawiwa kwa haki. Nchi hazikusikiliza. Na Novemba 2021 Afrika Kusini na Botswana zilipotoa taarifa za Omicron, aina mpya ya kirusi cha corona, kwa uwazi, malipo yao yalikuwa kufungiwa ndege ndani ya siku chache, wakati kirusi kilikuwa kimeshafika Ulaya. Uingereza iliiondoa orodha nyekundu nzima tarehe 15 Desemba, baada ya kuonekana haikizuii. Hilo ni kosa kubwa, maana linawafundisha wengine kunyamaza.

Lakini sheria mbaya bado inasimamiwa na mtu wa kaunta, na mteja wangu ana ndege saa nane. Tupigie kelele sheria, wakati huohuo tuhesabu siku 14. Na ilikuwepo mianya ya halali ambayo watu wetu hawakuambiwa: Marekani ilikuwa na msamaha kwa raia wa nchi zenye uhaba wa chanjo waliokuwa na viza isiyo ya utalii au ziara ya biashara, mwanafunzi kwa mfano, kwa masharti ya kuchanjwa baada ya kufika. Walio chini ya miaka 18 nao hawakudaiwa chanjo. Kuna familia zilizoahirisha safari ya mtoto bila sababu.

Mama Nyakahoja

Mwanangu nimerudi. Barua ya chuo nimeifungua: wanadai surua dozi mbili, na uti wa mgongo. Kadi ya kliniki ina surua moja tu, nyingine imefutika kwa maji. Ndege yake ni kupitia Nairobi, analala pale usiku mmoja, saa 14. Ameshakata. Safari imebaki wiki saba. Nianzie wapi?

Nesi wa Ilemela

Mama, wiki saba zinatosha ukianza wiki hii. Aende na pasi na hiyo kadi iliyolowa. Dozi iliyofutika ihesabiwe kama haipo. Kama hana kadi ya njano, achomwe homa ya manjano na surua siku moja, mikono tofauti, na uti wa mgongo unaweza kuingia siku hiyohiyo kwa sababu si chanjo hai. Kwa hiyo surua inakuwa imekamilika mbili na siku 10 za kadi ya njano zinapita mapema. Mwambie mhudumu tangu mwanzo kwamba kuna chanjo hai mbili ili asimpe moja leo na kumwambia arudi kesho kutwa.

Mwana wa Kirumba

Na kwa zile saa 14 za Nairobi: kadi aibebe kwenye begi la mkononi, asiiweke kwenye sanduku la kupakia. Kama shirika lake lina ndege nyingine ya kuunganisha siku hiyohiyo chini ya saa 12, ulizia kubadilisha sasa kabla nafasi hazijajaa. Njoo inboksi unitumie ratiba, nikuangalizie bila malipo.